[Uzi] Hakeem Olajuwon: kipa wa Lagos aliyewazungusha masenta wa NBA. Tuichambue miguu yake

MzeeWaUbao
Wakuu, kila akitajwa Olajuwon watu hukimbilia pete mbili za ubingwa za 1994 na 1995, halafu mjadala unahamia kwa Jordan na haurudi tena. Uzi huu ni wa Olajuwon. Hoja yangu ni moja: jamaa alikuwa na miguu ya kipa kabla hajawa na mikono ya senta (yule mrefu anayecheza karibu na ringi). Bloku (kuzuia mtupo hewani), mipira aliyopora, hiyo chenga ya Dream Shake mnayoishangilia, vyote vilianzia miguuni.

Kazaliwa Lagos, 21 Januari 1963, wazazi wakiwa wafanyabiashara wa saruji. Utotoni alicheza soka kama kipa, na mpira wa mikono. Kikapu alikishika akiwa na miaka 15 hivi, umri ambao wenzake wa Marekani walishakaa na makocha miaka minane au tisa. Kwa hesabu za kawaida alikuwa kachelewa mno. Lakini hebu tazama kipa anafanya nini muda wote: anakaa kwenye nyayo za mbele, anahama hatua fupifupi bila kukutanisha visigino, na haruki mpaka mpira utoke mguuni kwa mpigaji. Hiyo ndiyo kazi ya senta anayelinda ringi. Mpira wa mikono nao ukamfundisha kudaka mpira akiwa amebanwa mwilini na kugeuka papo hapo.

Mwaka 1980 akaenda Chuo Kikuu cha Houston kwa kocha Guy Lewis. Msimu wa kwanza hakucheza. Kiangazi alikuwa akishinda Fonde, ukumbi wa mazoezi pale Houston, akipambana na Moses Malone ambaye wakati huo alikuwa MVP (mchezaji bora wa msimu) wa NBA. Ukisukumana na Malone kiangazi kizima, hakuna mtoto wa chuo atakayekutisha tena. Timu yao ya chuo ikaitwa Phi Slama Jama, yeye na Clyde Drexler, danki juu ya danki (kuuchomeka mpira ringini kwa mkono). Walifika nne bora 1982, 1983 na 1984 na hawakuchukua ubingwa hata mmoja. Fainali ya 1983 walifungwa 54-52 na North Carolina State kwa danki ya Lorenzo Charles sekunde ya mwisho. Olajuwon alikuwa na pointi 20 na ribaundi (mipira ya kurudi iliyodakwa) 18, akapewa tuzo ya mchezaji bora wa mashindano ilhali timu yake imelala. Kwa upande wa wanaume, tangu hapo hakuna mchezaji wa timu iliyofungwa fainali aliyeipata tena. 1984 wakafungwa 84-75 na Georgetown ya Patrick Ewing. Hilo deni lishikeni, tutalirudia.

Drafti (timu za NBA kuchagua wachezaji wapya) ya 1984, namba moja iliamuliwa kwa kurusha sarafu kati ya Houston Rockets na Portland Trail Blazers. Houston wakashinda, wakamchukua yeye. Jordan alikwenda wa tatu, Barkley wa tano, Stockton wa 16. Na hadi leo hakuna mwenye akili anayesema Houston walikosea.

---

Chausiku07
Mzee, nimefuatilia. Swali dogo kabla hamjafika mbali: kwenye kadi za zamani anaandikwa Akeem. Ni mtu mwingine au alibadili jina?

---

MzeeWaUbao
@Chausiku07 ni huyohuyo. Alipofika Marekani jina liliandikwa bila H, naye hakulisahihisha miaka kumi. Machi 1991 akatangaza kwamba anarudisha herufi yake. Jina ni lilelile lenye mzizi mmoja na hekima na hakimu tunazozitumia kila siku. Kwa hiyo ukikuta takwimu za "Akeem" za kabla ya 1991, usizitenganishe na za Hakeem.

---

KisiginoChini
Mzee umenikuna. Ngoja niishushe Dream Shake vipande vipande, maana wengi wanadhani ni kutikisa mabega tu. Mabega ndiyo sehemu ndogo kabisa.

Chukulia yuko posti ya chini (eneo la karibu na ringi), upande wa kushoto wa ringi ukiitazama kutoka katikati ya uwanja. Mgongo kwa ringi. Bega la kulia liko upande wa mstari wa mwisho, la kushoto upande wa katikati. Beki yuko mgongoni.

Kwanza, kudaka. Anauendea mpira kwa kahatua kafupi ka kuruka na kutua kwa miguu yote miwili kwa wakati mmoja. Hapa ndipo penye siri yote. Ukitua mguu mmoja kisha wa pili, wa kwanza ndio pivoti (mguu unaobaki chini ukizungukia), basi, umeshachaguliwa. Ukitua yote miwili pamoja, pivoti unaichagua wewe baadaye, na beki hawezi kuijua kwa sababu hata wewe hujaamua.

Pili, anasoma kwa mgongo. Kifua cha beki kikiwa kimeegemea bega la kushoto, njia ya mstari wa mwisho iko wazi. Kikiegemea la kulia, katikati iko wazi. Haangalii. Anahisi.

Tatu, chenga yenyewe. Kichwa, bega la kushoto na mpira vinakwenda katikati kwa pamoja, kama robo ya mzunguko, na magoti yanabaki yamekunjwa. Mpira lazima uende. Ukizungusha bega na mpira ukabaki tumboni, beki mwenye uzoefu hatikisiki, kwa sababu yeye anaangalia mpira.

Nne, hapa sasa pivoti inachaguliwa, na kuna njia mbili tofauti kabisa kwenda upande uleule wa mstari wa mwisho:

Akiweka pivoti mguu wa kushoto, mguu wa kulia unapita nyuma, karibu na mguu wa beki, unamfungia nje. Hii inampeleka chini ya ringi. Ni ya nguvu.

Akiweka pivoti mguu wa kulia, ule wa kushoto unazunguka kwa mbele, mbali na beki, na mwili mzima unahama kutoka kwake. Akimaliza kugeuka anaitazama ringi akiwa na nafasi ya mkono mzima kati yake na beki, kisha fedawei (mtupo wa kuruka ukirudi nyuma). Hii ndiyo iliyowatesa watu.

Angalieni: mwanzo ni uleule, bega lilelile, macho yaleyale. Tofauti iko kwenye mguu upi umebaki chini, na kiwiliwili cha Olajuwon hakikuwa kinatoa siri hiyo.

Tano, dawa ya beki aliyeshtuka. Akigeuka kwa pivoti ya kulia na beki akaruka kuziba mtupo, harushi. Anauinua mpira hadi usawa wa paji la uso, magoti hayanyooki, beki anapaa, halafu mguu wa kushoto unavuka mbele ya beki kuelekea katikati, bega la kushoto linapita chini ya kwapa lake, mkono wa kulia unamalizia kwenye ubao. Mguu wa pivoti unaruhusiwa kuinuka, mradi mpira utoke mkononi kabla haujagusa sakafu tena.

---

Tumbo_la_Mpira
@KisiginoChini hapo kwenye mguu kuinuka ndipo mnapotudanganyaga. Mguu wa pivoti ukinyanyuka si tayari ni traveli (kutembea na mpira)? Kuna video yake moja na David Robinson ya 1995, mimi nahesabu hatua nne.

---

KisiginoChini
@Tumbo_la_Mpira kuinua pivoti ili kurusha au kupasi ni halali. Haramu ni kuirudisha chini ukiwa bado na mpira. Na kama hujadunda bado na unataka kuanza kudunda, mpira utoke mkononi kabla pivoti haijanyanyuka. Watu wengi wanachanganya hizo mbili.

Kuhusu kuhesabu hatua: usihesabu miguu inayogusa chini, hesabu miguu baada ya kuudhibiti mpira. Mguu usio wa pivoti unaweza kukanyaga mara ishirini, mbele, nyuma, pembeni. Olajuwon alikuwa anakanyaga mara tatu au nne na huo wa huru huku mwingine umekwama palepale ukizunguka kwenye unyayo wa mbele. Kwa jicho la haraka inaonekana anatembea.

Wanaomwiga ndio wanaotembea kweli, na kosa lao kubwa ni hili: wanadaka mguu mmoja ukiwa umeshakanyaga na kuhesabiwa, kisha wanaruka na kutua kwa yote miwili, halafu wanazunguka. Ukifanya hivyo huna pivoti tena, si ya kulia wala ya kushoto. Una ruhusa ya kurusha au kupasi tu. Refa akipuliza, usimlalamikie.

---

Bi_Takwimu
Habari za humu. Mimi naleta namba, maana uzi bila namba ni porojo.

Mechi 1,238 za msimu wa kawaida, 1984 hadi 2002. Pointi 26,946, ribaundi 13,748, bloku 3,830, mipira aliyopora 2,162. Wastani wa pointi 21.8, ribaundi 11.1, bloku 3.1, asisti 2.5 na kupora 1.7 kila mechi. Mitupo ya uwanjani asilimia 51.2, mitupo huru 71.2.

Ile ya kupora ndiyo inayounga mkono hoja ya Mzee. Hakuna mchezaji mwingine katika historia ya NBA mwenye zaidi ya bloku 2,000 na zaidi ya mipira 2,000 aliyopora. Msimu wa 1988-89 alibloku 282 na kupora 213, wa kwanza kuvuka 200 kote kuwili ndani ya msimu mmoja. Senta mzito hapori hivyo. Kupora ni kazi ya miguu: lazima uzunguke mbele ya mtu kabla pasi haijafika.

29 Machi 1990 dhidi ya Milwaukee Bucks: pointi 18, ribaundi 16, asisti 10, bloku 11. Tarakimu mbili katika vipengele vinne. NBA nzima ni wanne tu waliowahi: Nate Thurmond, Alvin Robertson, yeye, na Robinson baadaye. Cha kuchekesha, mapema mwezi huohuo alikuwa na pointi 29, ribaundi 18, bloku 11 na asisti 9. Klabu ikarudia mkanda, ikasema imeona asisti ya kumi, ligi ikakataa. Wiki chache baadaye akawafungia mjadala uwanjani.

Angalizo moja kabla hamjaanza kutamba na rekodi ya bloku. NBA ilianza kuzihesabu rasmi msimu wa 1973-74. Bill Russell na Wilt Chamberlain hawamo kabisa kwenye orodha, na Kareem Abdul-Jabbar amekosa misimu yake minne ya kwanza. Kwa hiyo sema "anaongoza tangu zianze kuhesabiwa". Anayemfuata ni Dikembe Mutombo wa Kongo na 3,289, pengo la 541. Waafrika wawili juu kabisa, hilo tambeni nalo bila shida.

---

JiraniWaRingi
Namba nzuri dada, lakini tuseme ukweli wakuu. Pete zote mbili Jordan alikuwa kwenye besiboli. 1995 karudi Machi, miguu haijakaa sawa. Hizo pete zina alama ya kuuliza.

---

MzeeWaUbao
Nilijua utakuja tu, Jirani. Haya, tuangalie nani walikuwepo badala ya nani hakuwepo.

Msimu wa 1993-94 Rockets walishinda 58 na kupoteza 24. Olajuwon akawa MVP, mlinzi bora wa msimu, na MVP wa fainali. Vyote vitatu msimu mmoja. Hakuna mwingine aliyewahi, hata huyo unayemtaja. Fainali akakutana na Ewing wa New York Knicks, deni la 1984 lile. Mchezo wa sita Houston wanaongoza 86-84, Knicks wakiwa mbele 3-2. John Starks anapata nafasi ya pointi tatu ambayo ikiingia Knicks ni mabingwa. Olajuwon alikuwa na Ewing, akabadilishana baada ya kizuizi, akamfuata Starks nje kabisa ya mstari na kuugusa mpira kwa ncha za vidole. Mwaka ule masenta wangapi wangefika kule? Mchezo wa saba 90-84. Katika mfululizo huo alipata wastani wa pointi 26.9, Ewing 18.9.

1995 ndiyo kali zaidi. Kikosi kilikuwa kinayumba, Februari wakamtoa Otis Thorpe kwa Portland wakamleta Drexler, mwenzake wa chuo. Wakamaliza 47-35, nafasi ya sita Magharibi. Hakuna timu ya nafasi ya chini kuliko hiyo iliyowahi kuwa bingwa. Wakaitoa Utah ya ushindi 60, Phoenix ya 59 baada ya kuwa nyuma 3-1, San Antonio ya 62, na fainali wakaifagia Orlando ya 57 kwa 4-0. Raundi zote nne bila faida ya nyumbani. Huko San Antonio ndiko Robinson alipokabidhiwa kombe la MVP mbele yake kabla ya mchezo wa pili, na Olajuwon akamjibu kwa pointi 41 usiku uleule. Wastani wake katika mfululizo ule ni 35.3. Dhidi ya Shaquille O'Neal wa Orlando kwenye fainali, 32.8.

Sasa niambie alama ya kuuliza inakaa wapi.

---

JiraniWaRingi
Inakaa palepale, ila imepungua ukubwa 😂. Endeleeni.

---

Bi_Takwimu
Niongeze kitu cha mfumo, kwa kuwa watu husema "Olajuwon alibeba timu" kana kwamba wengine walikuwa wameketi. Kocha Rudy Tomjanovich alimweka mmoja posti na wanne nje: Kenny Smith, Mario Elie au Vernon Maxwell, Drexler, Robert Horry, Sam Cassell akitokea benchi. Kanuni za wakati ule zilikataza ulinzi wa kanda (kulinda eneo badala ya mtu), na zilibaki hivyo hadi 2001. Beki hakuruhusiwa kuelea katikati ya njia akijifanya anamlinda mtu. Ama unakwenda kumbana Olajuwon wawili kwa moja waziwazi, ama unabaki na mtu wako. Ukienda, yeye anamwona kila mtu na mpira unatoka kwa aliyeachwa.

Na msimu huo wa 1994-95 mstari wa pointi tatu ulisogezwa karibu, mita 6.71 kote badala ya 7.24 ya juu ya tao. Mchezo wa kwanza wa fainali Kenny Smith alitia saba. Kwa hiyo mfumo ulimsaidia, hata kabla hatujagusa miguu.

---

Pivoti_14
Dada kasema kweli na hapo ndipo ninapopinga wanaodai angefunga pointi 35 leo kwa njia ileile. Leo beki wa pili anaruhusiwa kusimama karibu, mradi asikae eneo la sekunde tatu (kisanduku cha chini ya ringi) zaidi ya sekunde hizo bila kumlinda mtu. Na tangu 1999 NBA ina kanuni ya sekunde tano: huwezi kumsukuma beki kwa mgongo huku unadunda chini ya usawa wa mstari wa mitupo huru kupita muda huo. Masenta wa kusukuma wote hiyo iliwaumiza.

Lakini yeye ingemuumiza kidogo kuliko wenzake. Angalieni mikanda: mara nyingi hadundi kabisa, au anadunda mara moja. Anadaka, anasoma, anageuka, sekunde mbili mpira umetoka. Kinachomfaa leo ni ile ya kugeuka na kutazama ringi kutoka mita nne, pamoja na kuwafuata magadi (wachezaji wa nje) huko nje. Starks ndiye shahidi.

---

Chausiku07
Naomba mtu afafanue bloku zenyewe. Alikuwa anabloku nyingi bila kujaa faulo kila mechi?

---

KisiginoChini
@Chausiku07 faulo alizipata, hasa miaka ya mwanzo. Alipokomaa alikuwa na mambo matatu ambayo mabeki wengi hawana.

Anaruka wa pili. Mrushaji anapaa kwanza, mpira unatoka kiganjani, ndipo yeye anaondoka. Anayeruka wa kwanza ananaswa na chenga. Ili uruke wa pili na bado ufike, lazima magoti yawe yameshakunjwa kabla, hakuna muda wa kuchuchumaa. Kipa tena huyo.

Anaruka wima. Mkono unakwenda juu, haushuki kwa mrushaji. Ukipiga kwa kushusha mkono, hata ukigusa mpira kwanza, kifundo kinapita kwenye kiwiko cha mwenzio na filimbi inalia.

Na anaugusa, haupigi kofi. Mpira ukienda jukwaani wapinzani wanarudishiwa. Ukiugusa kwa vidole unabaki uwanjani na timu yako inakimbia nao. Mipaka ni ileile ya kila mtu: mpira ukishaanza kushuka kuelekea ringi, au ukishagusa ubao, achana nao, utahesabiwa umeingia.

---

Tumbo_la_Mpira
Na habari ya kufunga Ramadhani akiwa anacheza ni kweli au chumvi ya mtandaoni?

---

MzeeWaUbao
Kweli tupu. Ramadhani ya 1995 iliangukia karibu Februari nzima, na Februari hiyo alitangazwa mchezaji bora wa mwezi. Alikuwa hali wala hanywi kuanzia alfajiri hadi magharibi, hata siku za mechi za mchana. Mechi za usiku zilikuwa nafuu, maana alishafuturu kabla ya kuanza. Shida ilikuwa zile za mchana wa wikendi, zinazochezwa jua liko juu, dakika arobaini bila tone la maji. Daku yake ilikuwa tende na maji mengi.

Msiige hiyo bila ushauri wa daktari wa timu. Alikuwa na uzoefu wa miaka, na klabu ilijua.

---

Bi_Takwimu
Na mwili wake haukuwa chuma. 3 Januari 1991 kiwiko cha Bill Cartwright wa Chicago kilimvunja mfupa wa tundu la jicho, akakosa mechi 25, akarudi na miwani ya kinga. Msimu wa 1991-92 akagombana na uongozi juu ya msuli wa nyuma ya paja, klabu ikidai anajisingizia, yeye akaomba kuuzwa. Klabu ilipata mmiliki mpya 1993 na upepo ukabadilika. Msimu wa 1996-97 mapigo ya moyo yakawa hayaendi sawa. Machi 2001 damu iliganda mguuni. Agosti 2001 akahamishiwa Toronto Raptors, mechi 61, wastani wa pointi 7.1, mgongo ukakataa, akastaafu 2002. Jezi namba 34 ikatundikwa Houston mwaka huohuo. Ukumbi wa Heshima wa Naismith 2008, wa FIBA 2016.

Nimesahau: uraia wa Marekani alipata Aprili 1993, na ndiyo maana medali yake ya dhahabu ya Atlanta 1996 ni ya Marekani na si ya Nigeria. Swali hilo linaulizwa kila mwaka.

---

JiraniWaRingi
Baada ya kustaafu mbona hakupotea kama wengine? Wachezaji wengi wa kizazi chake walifilisika.

---

MzeeWaUbao
@JiraniWaRingi majengo na viwanja. Alinunua mali Houston kwa fedha taslimu, bila mkopo, kwa sababu hataki riba. Watu wa benki walimwona mshamba, kumbe mtu asiye na deni bei zikishuka halazimiki kuuza, anakaa na kiwanja chake mpaka soko lirudi. Jengo la zamani la benki katikati ya jiji alilinunua 1994, likawa kituo cha Kiislamu na msikiti.

Jambo la pili ni kufundisha. Kobe Bryant alikwenda kwake 2009, Dwight Howard naye, LeBron James 2011 baada ya kufungwa fainali na Dallas. Msimu uliofuata LeBron akawa anacheza posti kwa utulivu ambao hakuwa nao, akachukua ubingwa. Sisemi ni kwa sababu ya Olajuwon peke yake, ila mikanda ipo.

---

Pivoti_14
Kwa makocha wa vijana wanaopita humu, namna ya kuifundisha bila kuharibu mtoto:

Anza bila mpira. Kijana asimame posti, aruke kidogo atue kwa miguu yote miwili, sikiliza sauti. Ukisikia "pa" moja, sawa. Ukisikia "pa-pa", arudie. Mara kumi kila upande wa ringi, kila siku, wiki nzima, na mpira usiguswe.

Wiki ya pili ongeza mpira na pivoti, polepole kama mtu anayetembea. Mara tano pivoti ya kushoto, mara tano ya kulia, ageuke na kusimama tu, asirushe. Chora alama ya chaki chini ya unyayo wa pivoti. Unyayo ukitoka kwenye chaki, umejua kosa bila kubishana.

Bega linakuja wiki ya tatu, na beki anayesimama tu bila kuruka. Mtupo mwishoni kabisa, kwanza mita mbili, kisha tatu. Fedawei usiifundishe mapema. Kijana ambaye tumbo na mgongo havijakaza atarusha akiwa anaanguka na mpira utafika mfupi kila mara. Ukiona mitupo yote inagonga mbele ya ringi, sababu ni hiyo, si mkono.

---

Chausiku07
@Pivoti_14 na wasichana wa miaka 13, mpira namba ngapi? Na wale wanaotumia kushoto tugeuze maelekezo yote?

---

Pivoti_14
Mpira namba 6. Wa kushoto waanzie posti ya upande wa kulia wa ringi, kisha kila kitu kinageuka kama kwenye kioo: bega la kulia linazuga katikati, pivoti ya fedawei inakuwa ya kushoto, na kupita chini unamaliza kwa mkono wa kushoto. Chaki inabaki palepale.